Boksi la USB la kuwekea CD na DVD, kompyuta yake ishauzwa: nitazitoaje DVD za harusi?

Binti_Kibokoni

Assalaam aleikum wana jamvi, na wengine pia hamjambo. Naomba msaada kwa anayezijua hizi takataka za kompyuta za zamani, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na hakuna mwenye jibu.

Shangazi yangu alikuwa akichukua video za harusi, upande wa wanawake, kesha na kupamba, kutoka enzi za kanda mpaka zikaja VCD na DVD, yeye na wasichana wake tu, mwanamume hakanyagi hapo. Sasa ana boksi lake moja jeusi lenye rangi ya fedha, mbele lina mwanya wa kupitisha CD, nyuma tundu la USB na la adapta, basi. Kitufe cha kufungulia halina, stika ya jina ishatoka zamani. Ndani zimo DVD, ukilisogeza wazisikia. Zamani alikuwa akiandika jina la bibi harusi kwenye kompyuta, akibonyeza, boksi linanguruma linazunguka linatema DVD yenyewe, na sisi watoto tumepanga foleni mlangoni twatazama. Ile kompyuta vijana wa nyumbani waliwauzia wale wa vyuma chakavu siku za kupaka rangi nyumba, wala hakuna aliyeuliza.

Tabu ni kwamba juu ya DVD hakuandika majina, ni namba tu kwa maka. Makusudi kabisa, asema mtu akiiba asijue ameiba harusi ya nani. Sasa amekuja mama mmoja wa Bondeni, ataka ya harusi yake ya 2005, bintiye aolewa mwezi ujao na yeye ataka wakae wote waitazame. Nimelichomeka kwa laptopu yangu, taa imewaka, laptopu imelia kidogo, kisha kimya, hakuna kinachotokea.

Kwa hivyo hiki kidude chaitwaje, nitazitoaje bila kuziharibu, na nikishazitoa nizirudishe mle mle ama ninunue zile pochi za zipu? Na tafadhali msiniambie lete dukani tukufungulie. DVD hizi haziendi duka la mtu, mwaelewa kwa nini.

Fundi_Makupa

Waaleikum salaam dada. Nimekuelewa, basi nitakueleza ufanye mwenyewe, kazi si ngumu ila yataka utulivu na mwangaza mzuri.

Kwanza kabla hujachomeka tena hiyo adapta igeuze usome nyuma, tafuta neno INPUT. Ikiwa ni 100-240V huna neno. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, hiyo ni ya Marekani na umeme wetu ni 240, itaungua mbele ya macho yako, na kama shangazi alikuwa na kitransfoma chake pembeni basi sababu ndiyo hiyo.

Sasa jina. Vilivyojulikana sana vya aina hii miaka ya 2000 ni viwili, Disc Stakka iliyouzwa na Imation, ambayo hubeba 100, na CD Library ya Dacal, ambayo hubeba 150. Zote mbili waweza kubebanisha moja juu ya nyingine, Disc Stakka hadi tano, ukawa na mnara wa CD 500 hapo mezani. Ukifungua hesabu nafasi utajua unayo ipi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba vidude hivi HAVISOMI CD. Hamna leza ndani wala chochote cha kusoma. Mna duara lenye nafasi, CD zimesimama wima kama zimepangwa kwenye mzunguko, mota ya kulizungusha, na mkono wa kusukuma moja nje. Kompyuta inaliambia "nenda nafasi ya 37, toa", linakwenda, linatoa, wewe ndio waichukua kwa mkono ukaitie kwa draivu yako. Boksi ni mchukuzi tu wa Marikiti, hajui gunia lina nini. Majina yote, nani yuko nafasi gani, yalikuwa kwenye programu ndani ya ile kompyuta iliyokwenda na vyuma.

Kwa hivyo usitarajie ukipata programu majina yatarudi. Hayarudi, labda kama faili ya orodha ilikopiwa mahali. Muulize shangazi kama alikuwa na flashi ama CD ya akiba, ama kama aliwahi kuipiga chapa hiyo orodha akaitia kwa faili la karatasi. Wazee wetu walikuwa wakipiga chapa kila kitu.

Kuzitoa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kompyuta kuukuu yenye Windows XP, maana programu zake ziliandikwa enzi hizo na Windows za siku hizi haziwezi kuzungumza nalo, ndio hiyo ting kisha kimya. Wako pia waliochunguza amri zinazopita kwa USB wakaandika vijiprogramu vya Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, lakini sikushauri, utakaa hapo mpaka huyo binti ajifungue.

Njia ya pili ni bisibisi. Chomoa umeme, chomoa USB, ligeuze POLEPOLE juu ya mto (zimo ndani zimesimama, ukiligeuza kwa kishindo zitaruka nafasi zagongana), tafuta skrubu, nyingine hujificha chini ya zile raba za miguu. Usitumie nguvu, ikikataa ujue kuna skrubu hujaiona. Ukifika kwenye duara lizungushe kwa kidole, shika CD ukingoni, toa moja moja, na kila moja uandike kwa daftari ilikuwa nafasi gani na namba gani ya maka. Usiruke hapo. Kama orodha itapatikana kesho huenda imeandikwa kwa nafasi na si kwa hizo namba za shangazi.

DJ_Mstaafu

Dada umenikumbusha mbali wallahi. Mimi nimepiga muziki pwani hii kutoka mahoteli ya Bamburi mpaka Diani na hakuna ugonjwa ulionikamata kama wa kutafuta mahali pa kuweka CD.

Mwajua CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na haikuchukua muda watu wakaanza kulia zimejaa nyumba. Pioneer wakaleta katriji ya sita, wazitia CD sita kwa kijisanduku, wakitia chote kwa mashine. Baadaye katriji ile ile wakaitia kwenye draivu ya kompyuta, DRM-600. Nakamichi nao walikuwa na MBR-7, draivu moja inakula CD saba, na kila CD inaonekana kwa kompyuta kama draivu peke yake, kwa hivyo wafungua My Computer waona D mpaka J, mgeni adhani una mtambo wa NASA. Lakini ni kichwa kimoja tu cha kusoma, ukifungua faili ya F halafu ya H lasikika likibadilisha chrr klak klak chrr, waweza kwenda kuswali urudi.

Kilichonivunja mbavu mimi ni zile Sony za nyumbani, CDP-CX, za CD 200, za 300, mpaka ikaja CX455 ya 400. Hiyo si ya kompyuta, ni ya kusikilizia muziki, lakini nyuma ina tundu la kuchomeka kibodi ya kompyuta! Kibodi ya kawaida ile ya kichwa cha mviringo. Kwa sababu wewe mwenyewe ndio wa kuandika jina la kila CD, na wakaona kuandika majina 400 kwa kuzungusha kitufe ni dhuluma. Sasa mfikirie mtu mzima na kanzu yake amekaa sakafuni sebuleni na kibodi mapajani aandika NYIMBO ZA TAARAB NO. 3. Mimi nimemwona. Simtaji.

Mwaka 2005 Sony hao hao wakatoa VAIO XL1, kompyuta ya sebuleni na chini yake mashine ya kumeza CD 200, na hiyo angalau inasoma, wajaza CD zako za muziki walala, yenyewe inazikopi moja moja mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa akili. Haya maboksi ya kutoa bila kusoma naona walikuwa wamesimama katikati ya njia.

Halafu zile za umasikini wetu. Kile kisanduku cha plastiki chenye namba ubavuni, wasogeza kitufe mpaka namba yako wabonyeza, kifuniko chafunguka CD moja yainuka. Nilikuwa nacho, kikiniangusha mbele ya watu kila mara kwa sababu mchanga wa pwani ukiingia kwenye ile reli kimekwisha. Na ile ya kuvaa kwa kinga-jua ya gari, mfuko wa kitambaa wa CD kumi. Ukiegesha gari juani Likoni wangojea feri, CD zinapinda juu ya kichwa chako.

Dada ukishatoa vyako, hilo boksi tupu utaliuza? Naulizia rafiki.

Kisauni_Yetu

Mbona mwajisumbua jamani, zitieni zote YouTube muweke praiveti, kila mtu atumiwe linki yake, kwisha. Hizo DVD mwatupa.

Mwana_wa_Kizingo

@Kisauni_Yetu wewe mama yako ana video ya kupamba? Muulize kama ataka iende YouTube, praiveti ama si praiveti, kisha urudi hapa utuambie alikujibuje.

Wanawake walikaa mle bila buibui, wamejipamba, wamecheza, wamejua kuna milango imefungwa na anayechukua video ni mwanamke mwenzao wamjuao kwao. Ile ni amana. Shangazi yake kutoandika majina si ujinga, na naona ndio maana alilipenda boksi lile, halifunguki kwa mgeni, na hata likifunguka hakuna jina. Nyinyi mwalicheka hapo juu eti halisomi, kwake yeye kutosoma ndio uzuri wake.

Haya Binti, mimi kazi yangu ni ya kutunza kumbukumbu ofisini, karatasi na hizi CD pia, basi nikwambie upande wa kuzihifadhi maana huko ndiko zitakakofia.

Mombasa ni adui wa CD. Mwongozo ambao watu wa kumbukumbu twautegemea, ule wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2003, wasema ziwekwe kwenye baridi ya nyuzi 4 mpaka 20 na unyevu wa asilimia 20 mpaka 50. Sisi hapa unyevu wapita 70 siku nyingi za mwaka, na joto usiniulize. Na hewa ya bahari ina chumvi, ikipata upenyo ukingoni yala ile tabaka ya kung'aa, waona madoa kama ya chai yaanza pembeni yaja katikati. Kuna na kuvu. Mwaka 2001 iliripotiwa CD kutoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama wetu huku, iliyoliwa na kuvu wa jamii ya Geotrichum kutoka ukingoni mpaka ikawa haisomeki, na waliomchunguza ni wanasayansi wa Uhispania. Basi usidhani plastiki hailiwi.

Jua pia tofauti hii. CD na VCD, zile data zimekaa juu, chini tu ya upande wenye maandishi, zimefunikwa na vanishi nyembamba. Mtu akikwaruza upande wa chini huenda ikasomeka bado, akikwaruza upande wa juu data zenyewe zatoka na vanishi, ukiielekeza kwa taa waona vitundu. DVD yenyewe ni vipande viwili vya nusu milimita na kidogo vimegandishwa, data katikati, kwa hivyo juu yake si hatari sana lakini usiipinde, gundi ikiachana ukingoni imekwisha. Watu huzikunja wakizitoa kwenye kava lenye meno magumu, bonyeza katikati kwanza.

Kuzifuta, kitambaa laini cha pamba na maji safi, toka katikati kwenda nje, usizungushe mviringo. Kuandika tumia maka ya maji, si ya spiriti, na stika za karatasi usibandike kabisa.

Pochi za zipu mimi sizipendi kwa huku. Nyingi zina ile nailoni laini yenye harufu, joto likizidi yanata kwa CD, ukiivuta waacha alama. Kava ngumu za kawaida, moja kwa moja, zisimame wima kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na ndani utie vijipaketi vya silika, vile vinavyokuja na viatu na mikoba. Vikishalowa viweke juani ama jikoni vikauke uvirudishe. Boksi lisikae kwenye ukuta wa nje, kuta zetu za mawe za Mji wa Kale zanyonya maji ya mvua mpaka ndani. Na kama chumba kina AC ya kuwashwa na kuzimwa ni bora chumba kisicho nayo, ile baridi-joto-baridi ndiyo yaleta jasho juu ya CD.

Binti_Kibokoni

Shukran nyote, Mungu awalipe. Leo nimelifungua, mimi na binti ami yangu, mlango tumefunga.

Skrubu zilikuwa chini ya raba kweli. Ndani kuna duara kama alivyosema fundi, nafasi ni 100 na si zote zimejaa. Orodha haijapatikana lakini shangazi amekumbuka ana daftari la risiti, lina tarehe na jina la mwenye shughuli na kiasi alicholipa, namba ya DVD hakuna. Afadhali hilo.

Sasa mambo mapya. Nyingi zafunguka kwa laptopu ya binti ami, lakini kuna ambazo kompyuta yasema tupu kabisa na ukiitazama chini waiona imechomwa, ina ule mduara wa rangi mbili. Pili, zimo VCD, nikitaka kukopi faili yake yafika njiani yakataa. Tatu, kwenye droo nimepata vile vidogo vidogo vya kamera, vya upana wa kiganja, navyo vingi, hivyo navyo nifanyeje? Na kubwa zaidi, nitajuaje hii ni ya nani bila kukaa nikazitazama zote? Mimi ni mwanamke sawa, lakini hata mimi sijaalikwa harusi zote hizo.

Fundi_Makupa

Swali la mwisho ni la busara, nitamwachia Bi Kizingo, mimi nichukue ya mashine.

Zinazosema tupu, hizo zilichomwa na rekoda ya DVD ama kamera na hazikufungwa. Mwisho wa kazi rekoda huwa ina "finalize", ukiiruka yenyewe itaisoma lakini kompyuta nyingi haziioni. Kama ile rekoda ama kamera bado ipo na yawaka, irudishe humo uifunge, dakika chache tu. Kama haipo kuna programu yaitwa IsoBuster, hiyo husoma hata ambazo hazijafungwa. Usijaribu kuchoma chochote juu yake eti kompyuta imesema ni tupu!

VCD zina folda ya MPEGAV, ndani faili ya AVSEQ01.DAT. Inakataa kwa sababu VCD hupangwa tofauti, kila kipande cha video hubeba baiti 2324 badala ya 2048 za kawaida, na kompyuta ikikopi kama faili ya kawaida yachanganyikiwa. IsoBuster hiyo hiyo itaitoa ikiwa video safi. Picha yake ni ndogo, 352 kwa 288, usitarajie miujiza kwenye TV kubwa.

Vile vidogo ni DVD za sentimita 8, kila moja ni GB 1.4, video ya nusu saa hivi kwa ubora wa kawaida. USITIE kwenye draivu ya kumeza, ile yenye mwanya tu, wala kwenye hilo boksi, itaingia na haitoki. Tumia draivu ya sinia, ina kiduara cha ndani cha kuzikalisha. Na nyingi ya hizo ndizo ambazo hazikufungwa, kwa sababu kwenye kamera mtu akishachomoa betri amesahau.

Za kawaida usikopi faili moja moja, tengeneza nakala nzima ya diski, ISO, ImgBurn yafanya hivyo bure. Haikufungulii video, inachukua tu kila kitu kilivyo, kwa hivyo kazi yaenda bila mtu kutazama. DVD ya kawaida ni GB 4.7 lakini kompyuta itakuandikia 4.38, usishtuke, ni hesabu mbili tofauti za kitu kimoja. Zingekuwa zote 100 zimejaa ni GB 470, basi hadidiski ya TB 1 yatosha na nafasi yabaki. Nunua mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine.

Zenye mikwaruzo zipeleke mwisho. Huko tumia programu ya ddrescue ya Linux, yachukua kwanza palipo pazuri kisha yarudi kung'ang'ania pabovu, na yaweka kumbukumbu ya ilipofika, waweza kuisimamisha ukahamia draivu nyingine ikaendelea. Draivu hazifanani, moja itashindwa na nyingine kuukuu itaisoma bila maneno.

Mwana_wa_Kizingo

Kuzitambua bila kutazama: kila DVD ina jina lake la ndani na faili zina tarehe. Fungua folda ya VIDEO_TS usiicheze, tazama tu tarehe ya faili. Kama saa ya kompyuta ya shangazi ilikuwa sawa, hiyo ni siku iliyochomwa, kwa kawaida wiki kadhaa baada ya shughuli. Ilinganishe na daftari la risiti. Kamera nazo huandika tarehe ya kuchukua, hizo ndizo za kutegemea zaidi. Anza na za 2005 kwa ajili ya huyo mama, usifanye zote ndio umpe.

Zitakazobaki zina utata mwite shangazi, macho yake hata kama hayaoni vizuri atasikia. Muwekee dakika ya kwanza ya sauti, atakwambia ni nyumba ya nani kwa yule mwimbaji na kwa vigelegele. Hawa wanawake hawasahau.

Hadidiski zifunge kwa nywila, programu ya VeraCrypt ni ya bure, ISO zote zikae ndani ya hiyo. Nywila aijue shangazi na wewe, iandikwe kwa karatasi ikae na hati za nyumba, maana ukiisahau hakuna fundi wa kukusaidia. Kisha kila mwenye harusi atakayekuja apewe yake, na umuulize mbele ya shangazi kama ataka nakala ibaki ama ifutwe. Wako waliotalikiwa, wako waliokufa na mabinti zao ndio watakaokuja. Hayo hayako kwenye daftari la risiti.

Kisauni_Yetu

Nimemuuliza mama. Sitaki kuongea.

Binti_Kibokoni

😂😂 Pole.

Ya mama wa Bondeni imepatikana! Tarehe zimekubaliana na risiti, shangazi amesikia sekunde tu akasema "huyu ndiye, sikiza kicheko cha mamake". ISO ishatoka, kesho tunampelekea. Hizo tupu nangojea, rekoda iko kwa jirani chini ya meza na hatujui kama yawaka. Nauliza draivu ya sinia ya USB, ninunue yoyote?

Fundi_Makupa

Yoyote ya sinia, iwe na waya wa USB wa vichwa viwili kama utapata, laptopu nyingine umeme wa tundu moja hauitoshi na itakuwa yaanza kusoma yazima. Usichukue ile nyembamba ya kumeza hata ikiwa rahisi. Na ukinunua mtumba nenda na DVD mojawapo ya muvi uijaribu hapo hapo, leza ikiwa imechoka itasoma CD na kukataa DVD, maana hizo ni leza mbili tofauti.

DJ_Mstaafu

Na boksi sasa? Rafiki yangu auliza bado.

Binti_Kibokoni

Shangazi asema huyo rafiki aje na mkewe, mke aingie ndani waelewane bei, na yeye akae barazani na DJ.